Dirisha Limefungwa

Wateja walimwita Bwana Pole. Hakuna aliyekumbuka nani alianza, lakini jina lilimkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake, maana neno hilo alilitamka kuliko jina lake mwenyewe. Alikaa dirisha la mwisho kabisa katika ofisi ya shirika la maji, baada ya dirisha la wanaoomba kuunganishiwa na lile la wanaolipa. Juu ya kioo chake palibandikwa neno moja tu: MALALAMIKO. Asubuhi, kabla hajavuta kiti, foleni ilikuwa imeshapinda mpaka kwenye ngazi, na kila aliyesimama pale alikuwa amekuja na hasira kutoka nyumbani, zimeiva.

Tusimwonee mtu huyu kabla hatujakaa kwenye kiti chake. Bomba hakulipasua yeye. Mgawo wa maji hakuupanga yeye, na waliopanga walikuwa ghorofani, kwenye vyumba vyenye mapazia, wala hakuna mteja aliyewahi kuziona sura zao. Sura iliyoonekana ilikuwa ya Bwana Pole. Wakamwita mwizi, wakamwita mzigo, wakamuuliza kama na kwake watu wanaoga vumbi. Mama mmoja alikuja na kopo la maji yenye rangi ya chai, akayamimina kwenye kitundu cha kioo, yakamlowesha shati mpaka tumboni, kisha akamwambia, “Haya, kunywa na wewe!” Bwana Pole alijifuta uso kwa leso, akasema, “Pole sana, mama. Unakaa mtaa gani?” Yule mama aliangua kilio palepale. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akakosa wa kugombana naye.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na waajiriwa wapya walipelekwa kwake wajifunze. Kwanza, usimkate mtu kauli. Mwache amwage yote, hata kama unajua anachotaka kusema tangu alipofungua mdomo. Pili, usishike kalamu, maana mtu akiona kalamu anaanza kuongea kama yuko polisi. Mtazame usoni tu. Akinyamaza, muulize, “Kuna lingine?” Hapo ndipo utamu wote wa kazi ulipokuwa, alisema Bwana Pole, kwa sababu mtu aliyekuja kulalamikia mita ya maji mara nyingi ana lingine moyoni, na hilo lingine ndilo lililompandisha hasira. Akishalitoa, anakuwa mwepesi kama kanga iliyokamuliwa. Basi unafunga naye kwa maneno ya ofisi: “Malalamiko yako yamepokelewa. Yatashughulikiwa. Pole kwa usumbufu.” Na hapo unasema, “Anayefuata.”

Hivyo ndivyo alivyoishi na kioo kile miaka na miaka. Keshia wa dirisha la jirani, mama mnene mcheshi ambaye watu walimwita Bi Chenji kwa kuwa hakuwahi kuwa nayo, alizoea kumwambia, “Wewe bwana, una kifua. Mimi ningeshamrushia mtu kiti.”

“Kiti ni cha serikali,” Bwana Pole alimjibu.

Lakini kifua nacho kina mwisho wake. Maneno ya wateja aliyoyameza mchana yalikuwa hayashuki. Usiku alilala macho yakiwa darini, asubuhi kichwa kinamgonga, na vidole vya mkono wa kulia vikaanza kutetemeka kila alipoweka kikombe chini. Siku moja alimkemea dereva wa ofisi kwa kosa la kumsalimia tu. Akaenda zahanati, akafungwa kile kitambaa mkononi, kikapulizwa, na tabibu akakunja uso. Presha ilikuwa juu. “Kazi unafanya gani?” tabibu aliuliza. Alipoelezwa, akatikisa kichwa, akasema tu, “Aaa.”

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea nyumbani, sare za shule hasa, na mumewe hakumwita vingine ila fundi. Aliporudi na karatasi ya zahanati, fundi aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye kopo la vifungo. Kisha alimwita binti yao, ambaye wakati ule alikuwa bado mdogo, akamwambia, “Baba yako ana presha. Kuanzia leo akirudi msimletee maneno.” Alisema “msimletee” utadhani ana jeshi la watoto, kumbe alikuwa na huyo mmoja tu. Nadhani alikuwa akijiambia na yeye mwenyewe.

Shirika nalo, baada ya mhasibu mmoja kuzirai kazini, likaona aibu. Likaleta mtaalamu wa msongo wa mawazo, dada mmoja mchangamfu, na wafanyakazi wakakusanywa ukumbini. Wakafundishwa kuvuta pumzi kwa tumbo. Wakafundishwa kulegeza mabega. Kisha yule dada akasema maneno yaliyomwingia Bwana Pole kama dawa: “Kila mmoja wenu awe na mlango wake. Ukiuvuka mlango huo, kazi ibaki nje. Jipe muda wa kimya. Usiruhusu mtu akuguse mpaka umetua.” Bwana Pole aliyakariri. Kabla ya chai mlinzi akaja kumnong'oneza kwamba watu wamejaa dirishani na wameanza kupiga kioo, ikabidi aondoke. Aliondoka akiwa na furaha, kwa maana alijua ameshapata alichokuja kutafuta.

Mlango wake ukawa kiti. Kilikuwa kiti cha mikono pale sebuleni, kimeelekea dirishani, na kati yake na dirisha ndipo ilipokaa cherehani ya mkewe. Akirudi alivua viatu mlangoni, akaja pekupeku mpaka kitini, akakaa, akafumba macho, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Mtu akianza, aliinua kiganja na kusema kwa sauti ya ofisini, “Dirisha limefungwa. Njooni kesho.”

Ilianza kama mzaha, na ulikuwa mzaha mzuri. Binti yao alicheka mpaka akakaa chini. Wakati mwingine alijipanga foleni mbele ya kiti, peke yake, akajikohoza na kusema kwa sauti nzito, “Nina malalamiko!” Basi Bwana Pole alifungua jicho moja na kumuuliza malalamiko yake ni yapi, naye akasema mama amemnyima sukari, na baba akajibu, “Yamepokelewa. Yatashughulikiwa.” Fundi alicheka huku pedali ikienda. Ilikuwa nyumba yenye raha, mtu asikudanganye.

Na dawa ilifanya kazi. Presha ilishuka, usingizi ukarudi, vidole vikatulia. Ndiyo maana hakuona sababu ya kubadili kitu. Kimya cha nusu saa kikawa kimya cha mpaka chakula, kisha cha mpaka kulala, na siku za mapumziko nazo zikaingia humo, kwa sababu, alisema, hata ofisi hufungwa. Binti akakua, akaacha mchezo wa foleni, akaenda chuo mji mwingine. Mambo ya nyumba yakawa yanaamuliwa na fundi na dada yake mkubwa kwa simu. Paa likivuja, fundi alimtafuta fundi mwenzake wa mabati. Binti akiugua, mama mtu alipanda basi. Bwana Pole alikuja kuyajua yakiwa yameshapita, akasema “Pole,” akainua kiganja.

Sasa nifike kwenye jicho.

Lilianza kwa uzi. Fundi aliyekuwa akitunga sindano bila kuangalia, huku akipiga soga, alianza kuichoma hewa. Kisha akaanza kujigonga kwenye ubao wa mlango, upande wa kushoto, mara bega, mara nyusi. Kuna jioni Bwana Pole alirudi akamkuta amevimba juu ya jicho.

“Pole, fundi. Umejigonga?”

“Ndiyo, baba watoto. Tena nilitaka nikwambie, hivi siku hizi upande huu—”

Kiganja kikapanda. Hakikupanda kwa ubaya. Siku hiyo mzee mmoja alikuwa amemtemea mate kwenye kioo, na mate yale yalikuwa bado yanateleza kichwani mwake. Fundi akarudi kwenye kola aliyokuwa anaishona.

Jumapili moja alijaribu tena, mumewe akiwa amelala na gazeti usoni. “Umelala?” akauliza. Gazeti likajibu, “Leo hata ofisi imefungwa.” Akajaribu asubuhi, wakati wa kufunga tai, akaambiwa amechelewa, jioni wataongea. Jioni unaijua.

Kisha fundi akaigeuza cherehani. Zamani mwanga wa dirisha ulimjia kwa mkono wa kushoto, na kiti cha mumewe kilikuwa kuliani kwake, kiasi kwamba akiinua uso anamwona. Sasa akakaa kinyume, mwanga ukimjia kulia, na kiti kikabaki kushoto. Hilo Bwana Pole aliliona, kwa sababu kona ya meza ilimgonga goti.

“Mbona umegeuza mashine? Mtu hata hapiti.”

“Nafuata mwanga.”

“Mwanga si ni uleule?”

Fundi alimgeukia. Ilibidi ageuze kichwa chote, kama mtu anayetazama nyuma ya bega. “Hapana,” alisema. “Si uleule.” Alisubiri. Mtu aliyejua kuuliza “Kuna lingine?” kwa kila mpita njia mwenye mita mbovu, hapo alikaa chini, akafumba macho, akashukuru Mungu kwa kimya. Mimi nikifika hapa huwa natamani kumzaba kibao.

Aliyempeleka fundi hospitali ya macho alikuwa dada yake, ambaye Bwana Pole alimwita shemeji, mwanamke mrefu asiyepepesa maneno. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akampulizia kitu, akamwambia atazame nukta huku vitaa vikiwaka pembeni. La kushoto vitaa havikuwaka kabisa. Ilikuwa presha ya macho. Haiumi, daktari alisema, haitoi machozi, inakula kutoka pembeni kidogo kidogo, na kilicholiwa hakirudi. La kulia nalo lilikuwa limeguswa. Hilo lingeweza kuokolewa kama lingefanyiwa upasuaji mdogo upesi, Alhamisi ya wiki ileile, na baada ya hapo dawa ya matone maisha yake yote. “Uje na mtu wako wa nyumbani,” daktari alisema, “maana kuna mambo ya kumwelekeza.”

Jioni ile fundi hakukaa kwenye cherehani. Alisimama mbele ya kiti, mikono imeshika pindo la kanga, akamwambia mumewe, “Leo usiponisikiliza nitakufa na neno.”

Na Bwana Pole siku hiyo alikuwa ametoka kugombezwa na meneja mbele ya foleni, kwa kosa lisilo lake. Kifua kilikuwa kimejaa pomoni. Alisikia “nitakufa”, akaona ni yaleyale aliyoyasikia kutwa, maana watu wote dirishani pake walikuwa wakifa kwa kiu. Akainua kiganja. “Kesho, fundi. Nakuomba. Dirisha limefungwa.”

“Haya,” fundi alisema. “Kesho.”

Kesho yake foleni ilikuwa fupi kiasi. Bwana Pole alimaliza na kijana wa duka la mkate, akasema “Anayefuata” bila kuinua uso, na alipoinua alimwona mkewe ng'ambo ya kioo. Amevaa gauni la kutokea. Ameshika mkoba kwa mikono miwili, kama wanavyoushika wanaoogopa kuibiwa.

“Nina malalamiko,” fundi alisema.

Bwana Pole alitabasamu. Alimkumbuka binti yao mdogo na ile sauti nzito, akadhani mkewe amepita mjini akaamua kumtania. Kisha akaona kwamba fundi hatabasamu, na mwili wake ukafanya ulichozoea kufanya mbele ya uso wa namna ile. Aliweka kalamu chini. Akamtazama machoni. Hakumkata kauli.

Fundi akamwaga yote. Alianza na uzi na sindano. Akaeleza kuhusu ubao wa mlango, jinsi watu walivyokuwa wanamtokea kutoka kushoto ghafla kama majini, jinsi alivyoharibu sare za darasa zima kwa kupindisha mshono, akazifumua na kuzishona upya bila kumwambia mtu. Akaeleza kuhusu vitaa. Akaeleza kwamba la kushoto limeshazima na halitawaka tena, na la kulia linafanyiwa upasuaji Alhamisi. “Naogopa,” alisema. “Wananiambia ni kidogo tu, lakini naogopa kisu machoni. Nataka siku hiyo niwe na mtu wa kunishika mkono. Nataka awe mume wangu. Nimemtafuta nyumbani sikumpata, nikaona nije hapa, maana nasikia hapa yupo.”

Bwana Pole aliyasikia maneno yote. Naapa aliyasikia, neno kwa neno, mpaka leo anaweza kuyarudia. Lakini alikuwa amekaa kwenye kile kiti, nyuma ya kile kioo, na mdomo ulikuwa umeshazoea njia yake kuliko yeye mwenyewe.

“Kuna lingine?” aliuliza.

“Hakuna lingine.”

“Malalamiko yako yamepokelewa, mama. Yatashughulikiwa. Pole kwa usumbufu.”

 Fundi hakukasirika, na hilo ndilo linalomwamsha Bwana Pole usingizini. Alisema, “Asante,” kama wanavyosema wateja, akasogea pembeni ampishe aliyekuwa nyuma yake. Na aliyekuwa nyuma akasukuma bili yake kwenye kitundu, na Bwana Pole, Mungu amsamehe, akaipokea.

Ni Bi Chenji aliyemshtua. Alikuwa ameacha wateja wake wamesimama, ameinamia ukuta wa mbao uliowatenganisha, macho yamemtoka. “We, yule si mkeo?”

Hapo damu ikamrudia. Alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, akazunguka jengo, akafika barabarani bila koti, tai imepeperukia begani. Alitazama huku na huku. Mama mmoja mwenye kikapu alimuuliza kama maji yanatoka leo.

Alirudi nyumbani mapema kuliko siku yoyote ya maisha yake ya kazi. Hakwenda kwenye kiti. Alipiga magoti kabisa kando ya cherehani, mtu mzima na mvi zake, akasema, “Fundi, nisamehe. Sijui ni nini kilinipata. Nieleze, nakusikiliza.”

Pedali haikusimama. “Nimeshaeleza,” fundi alisema.

“Alhamisi nitakupeleka mimi.”

“Dada ameshapanga.”

“Nitaomba ruhusa.”

“Usijisumbue, baba watoto. Utapandisha presha.” Na alisema hivyo kwa upole wa kweli, bila dongo ndani yake, kama alivyokuwa akimwambia kila siku kwa miaka yote ile. Bwana Pole angefurahi kama angetukanwa. Matusi alijua namna ya kuyapokea.

Alhamisi alikwenda hata hivyo. Alikaa kwenye benchi la hospitali pamoja na shemeji yake, ambaye alimsalimia kwa kichwa tu. Nesi akatoka na faili, akauliza nani anayemsindikiza mgonjwa, na wote wawili wakasimama. “Mmoja tu,” nesi alisema, akamgeukia fundi, ambaye alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani na kofia ya kitambaa. “Mama, unataka uingie na nani?”

Fundi aligeuza kichwa chote kutafuta kwa jicho lake la kulia. Alimwona mumewe, nina hakika alimwona, amesimama na koti mkononi. “Dada,” akasema. Na shemeji akampita Bwana Pole, akaenda akamshika mdogo wake mkono.

Alipobaki peke yake kwenye benchi aliinua kiganja chake mwenyewe akakitazama. Daktari alipopita baadaye, alimsimamisha, akamuuliza swali ambalo alishalijua jibu lake: je, kama angeletwa mapema? Daktari alikuwa mtu wa haraka, hakujua anaongea na nani. “Angeletwa alipoanza kujigonga,” alisema, “tungeliokoa na la kushoto. Lakini ndugu wa wagonjwa ndivyo walivyo, hawaoni.” Akaenda zake.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Fundi akarudi kwenye mashine, akawaachia mafundi wengine kola na vifungo, yeye akabaki na mishono iliyonyooka. Kazini Bwana Pole alimsimulia Bi Chenji mambo yote, mara ya kwanza maishani kumsimulia mtu kitu, na alipofika kwenye semina na mlango na kimya, Bi Chenji akamkatiza.

“Lakini si yule mtaalamu alisema tukishatua tumtafute mtu wa nyumbani, tumweleze yaliyotukuta, halafu na sisi tumsikilize ya kwake? Si alitushikisha mikono wawili wawili tukajaribu? Mimi nilishikana na mlinzi, akanieleza habari za mama mkwe wake mpaka nikachoka.”

“Lini?”

“Baada ya chai.”

“Niliitwa dirishani,” Bwana Pole alisema.

 Wateja walianza kugonga kioo.

Kiganja hakijainuka tena katika nyumba ile. Bwana Pole akirudi anauliza habari za mchana, anauliza habari za jicho, anauliza kama binti amepiga simu. Anauliza kwa sauti ya nyumbani, aliyolazimika kuitafuta. Fundi hajamnunia hata siku moja. Anamwekea chakula, anamkumbusha vidonge vyake vya presha, anamshonea vifungo vilivyokatika kwa kupapasa. Akiulizwa anajibu, “Salama tu.” Amejifunza hivyo kwa miaka mingi, na alijifunza vizuri.

Juzi Bwana Pole alirudi mapema. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akaja pekupeku mpaka kitini, akakaa, akasubiri mkewe amalize mshono ili amsalimu. Fundi hakugeuka. Mshono ukaisha, na badala ya kumgeukia, akachukua simu akampigia dada yake. Hapo ndipo Bwana Pole alipoelewa kwamba hajaonekana. Kiti kilikuwa kushoto.

Alitaka kukohoa. Haki ya Mungu, alitaka. Lakini fundi alikuwa ameanza kucheka, kile kicheko cha zamani cha pedali ikienda, akimwigiza mteja mmoja aliyeleta kitambaa cha sketi akitaka kitoke na suruali humohumo. Bwana Pole alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu binti yao alipoacha kujipanga foleni. Akakaa kimya kama mwizi, mikono magotini. Akasikia binti yao amepata mchumba na hataki bado baba ajue. Akasikia paa limeanza tena kuvuja upande wa jikoni. Kisha sauti ya mkewe ikashuka.

“Na hili la kulia, dada, tangu juzi nikitazama taa naona duara kuizunguka. Ndiyo, nimeweka matone. Hapana, sijamwambia. Mwache, ana mambo mengi kazini.” Akasikiliza kidogo. “Kesho basi, uje unichukue asubuhi akishatoka, twende hospitali.”

Alipoweka simu chini, Bwana Pole aliinuka taratibu, akazunguka meza ile iliyowahi kumgonga goti, akaja kusimama kulia, penye mwanga. Fundi akamwona. Akatabasamu.

“Umerudi? Sikukusikia.”

“Nimerudi.” Akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa, uso kwa uso, kama asivyoweza kukaa na mteja yeyote kwa sababu ya kioo. “Habari za leo, fundi?”

“Salama tu.”

“Jicho?”

“Linaendelea vizuri.”

Alimsubiri. Alikuwa na subira kuliko mtu yeyote mjini, walimfundisha hiyo waliomtukana na waliommwagia maji. “Kuna lingine?” aliuliza.

Fundi alilifikiria swali kweli. Mkono wake ulipapasa ukapata kipande kingine cha sare, ukakiweka sawa chini ya sindano.

“Hakuna,” alisema. “Pumzika, baba watoto.” Akakanyaga pedali.